Kucha Nyeupe za Lamsin

Mjini Gent, ukitaka kumtukana mtu mpaka babu yake ageuke kaburini, humwiti mwizi wala mzinzi. Wezi na wazinzi wana heshima yao, na wengine wana viti vya mbele kanisani. Unamwita Kucha-buluu. Maana yake ni kwamba mtu huyo hutia mikono yake mwenyewe kazini, huamka kengele ya kazi ikilia, na rangi ya nguo wanazovaa wenzake imemganda yeye chini ya kucha.

Lamsin Hoedekin alikuwa na kucha za buluu kuliko binadamu yeyote aliyewahi kukaa kando ya mto Leie. Alikuwa mtia rangi, mwana wa mtia rangi, mjukuu wa mtia rangi. Inasemekana alipozaliwa mkunga alipiga yowe akidhani mtoto amekabwa na kitovu, kumbe ni rangi ya ukoo tu. Mvua ikimnyeshea akiwa njiani, mbwa waliomfuata nyuma walifika nyumbani buluu.

Si kwamba alikuwa maskini. Mapipa yake ya nili yalijaa ua mzima, nyumba yake ilikuwa ya mawe, na tumbo lake lilitangulia kufika kila alikokwenda. Lakini alikosa kitu kimoja, na kitu hicho kilimnyima usingizi: hakuwa mmoja wa Udugu wa Sufu.

Udugu wa Sufu ni wale mabwana waliokuwa wakivuka bahari kwenda Uingereza kununua sufu. Wakifika nayo waliwagawia wengine waisokote, wengine waifume, wengine waikanyage, wengine waitie rangi; kisha wao wakaikunja, wakaiuza, na kusema, "Nguo tunazotengeneza sisi hazina mfano duniani." Katika maisha yao walikuwa hawajawahi kutengeneza chochote isipokuwa watoto, na hao nao kwa uvivu. Lakini wazee wa mji walitoka kwao, sheria zilitoka kwao, na ukumbini kwao walikalia viti vya kuegemea. Lamsin alitaka kiti cha kuegemea. Wengine sote tulikalia mabenchi na mgongo ukajitegemea wenyewe, lakini Lamsin alijiona ana mgongo wa kibwana.

Njia ilikuwepo. Kanuni ya Udugu ilisema fundi akitaka kuingia, kwanza akabidhi karakana yake mbele ya wazee wa mji, akae mwaka na siku moja bila kutia mkono katika kazi yoyote ya nguo, halafu aje ukumbini aoneshe kucha. Zikiwa safi, karibu. Zikiwa na doa, arudi alikotoka.

Akamwendea mkewe, Avezoete, aliyekuwa ameinama juu ya pipa, mikono imezama hadi viwikoni.

"Mke wangu, nimeamua. Naacha kazi."

Avezoete hakuinua kichwa. "Unaumwa?"

"Naingia Udugu."

"Basi unaumwa."

"Wewe huoni mbali, mama. Unataka nife nanuka kama pipa?"

"Kufa utakufa tu, Lamsin. Harufu chagua mwenyewe. Na hao mabwana zako wakikuona watacheka."

"Watacheka nini?"

"Wewe jiangalie."

Wakaenda kwa wazee wa mji. Nyumba, ua, mapipa, magogo ya kuni, vyote vikaandikwa kwa jina la Avezoete. Lamsin akaambiwa atie alama ya dole gumba. Wakamletea wino, akauangalia kama mtu aliyeletewa maji mtoni, akagandamiza dole lake bila kulichovya na alama ikatoka buluu, safi, haijafutika mpaka leo.

Ndipo Lamsin akaanza kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, nayo ni kutofanya kazi.

Alitembea mjini ameinua mikono yote miwili usawa wa mabega, kama kasisi anayebariki umati, ili isiguse kitu. Mvua ilijaa mikononi mwa shati lake na kumwagikia kwapani. Alijifunza maneno machache ya Kifaransa, lugha ya mabwana, na yote aliyatumia vibaya. Kila aliposema "asante" wenye lugha yao walidhani anaulizia choo. Aliacha kula samaki wa chumvi kwa sababu ni chakula cha wafumaji, akawa anakula bata maji wa mtoni aliyejaa miiba kumzidi samaki. Akikutana na wafumaji darajani, alijibana ukutani.

"Sogeeni, msiniguse!"

"Tusikuguse kwani una upele?"

"Nina miadi na watu wa maana."

"Wape salamu. Waambie suruali walizovaa tumezifuma sisi, na matakoni tumeacha uzi mmoja bila kuufunga."

Na zile kucha? Kucha hazikutaka. Alizilaza kwenye maziwa ya mbuzi yaliyochacha, maziwa yakawa buluu na mbuzi akakataa kumtazama usoni. Alizisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa pumba. Mwuza dawa wa Kitaliano alimwuzia marhamu ya mafuta ya dubu na lulu iliyosagwa; lulu yenyewe ilikuwa ganda la kome na dubu alikuwa nguruwe. Kinyozi alizikwangua mpaka zikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, ukiinua kidole chake juani unaona upande wa pili. Na bado, kila ukucha mpya uliochipuka ulichipuka una utando wa buluu. Rangi haikuwa juu yake tena. Ilikuwa inatoka ndani, kwa baba na babu, inakuja kumwuliza anakwenda wapi.

Sasa, katika mji ule uliojaa watu wa kudharauliana, kila mtu alikuwa na wa chini yake. Mabwana waliwadharau wafumaji, wafumaji wakawadharau watia rangi, watia rangi wakawadharau wakanyagaji, na wakanyagaji walibaki na kuku. Maana wakanyagaji kazi yao ni kuingia miguu mitupu kwenye hori kubwa la mbao lililojaa udongo, maji ya moto na mkojo uliochacha, na kuikanyaga nguo kutwa nzima mpaka ishikane iwe nzito. Hata mende hawakai mtaa wao. Na katika watu wote wa Gent, aliyewadharau wakanyagaji kwa bidii zaidi alikuwa Lamsin. Akipita mtaani kwao alijiziba pua kwa kitambaa, na kitambaa chenyewe alikitupa.

Siku moja akipita hivyo, alimwona mkanyagaji mmoja, Boidin, amekaa kizingitini anamenya kitunguu. Lamsin akasimama kama aliyepigwa na radi. Mikono ya yule bwana ilikuwa myeupe. Kucha zake zilikuwa za waridi, zinang'aa, kama za askofu anayelala na glavu.

"Unatazama nini, bwana mkubwa?" akauliza Boidin.

"Mikono yako."

"Siiuzi."

"Mbona myeupe hivyo?"

"Mkojo, bwana mkubwa. Mkojo haubagui. Unatoa mafuta, unatoa doa, ukikaa sana unatoa hata jina la baba yako."

Lamsin akatema mate pembeni, akaondoka amekasirika. Afadhali afe na buluu yake! Lakini siku ya kuonesha kucha ilikuwa inakaribia, na usiku akiota aliwaona mabwana wote wa Udugu wana kucha kama za Boidin.

Akarudi. Alichagua saa ya adhuhuri, kengele ya chakula ikishalia, wakanyagaji wote wamekwenda kunywa supu ya dengu. Boidin alikuwa amebaki peke yake kulinda hori.

"Ndugu yangu Boidin."

Boidin akageuka kutazama nyuma yake. Hakumwona mtu. "Unaniita mimi?"

"Nataka nichovye mikono kidogo tu."

"Sema tafadhali."

"Tafadhali."

"Sema, tafadhali Bwana Boidin."

Lamsin akatazama kulia, akatazama kushoto. Njiani hapakuwa na mtu ila nguruwe wa Mtakatifu Antoni, wa wale wanaoachwa wazurure mjini, na kengele yake shingoni, naye alikuwa ameshasikia mengi. "Tafadhali Bwana Boidin," akasema haraka, kama mtu anayemeza kidonge.

"Karibu. Jisikie nyumbani."

"Huu... ni wa nani?"

"Wa watu wema watupu! Tunakusanya nyumba kwa nyumba. Humu mna wa kasisi, mna wa mwoka mikate, na kama sikosei mna na wa mabwana zako wa Udugu. Mtungi wao hutufikia kila Jumamosi."

Kusikia hivyo Lamsin alifarijika. Akakunja mikono ya shati, akafumba macho, akazamisha.

"Usiiache imelala kama samaki waliokufa," Boidin akamwambia huku amejinyoosha juu ya gunia. "Doa hutoka kwa kusuguana. Kuna nguo humo, ikamate. Isugue. Ikande. Ee, namna hiyo. Sasa igeuze upande wa pili."

Lamsin akaikamata, akaisugua, akaikanda, akaigeuza. Boidin akakoroma.

Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Akawa mtu wa adhuhuri. Kengele ikilia tu, wakanyagaji wanatokea mlango wa mbele, Lamsin anaingilia wa nyuma na kutoa jasho juu ya hori mpaka wanaporudi. Nguo za Boidin zikaanza kusifiwa mjini kwa ulaini. Boidin akanenepa. Na kucha za Lamsin, jamani, zikaanza kupauka, zikawa kama maji ya mchele, zikawa kama maziwa, mwishowe zikawa na ile waridi ya askofu. Akalia machozi. Akambusu Boidin kwenye paji la uso, kisha akaenda kunawa uso.

"Angalia!" akamwonesha Avezoete.

Avezoete akavuta pumzi puani, akarudi nyuma hatua. "Nimeona. Na paka naye ameona, ndiye huyo anakimbia."

"Wivu tu."

"Lamsin, nenda kajimwagie maji."

"Nimeoga mara ngapi? Wewe pua yako imeharibika kwa nili."

Na hapo ndipo ubaya wa mambo ulipojificha, maana yeye kweli hakuisikia harufu. Mtu aliyekulia kwenye mapipa na kumalizia kwenye mahori hana pua, ana tundu za kupumulia tu.

Siku ikafika. Ukumbi wa Udugu ulikuwa umejaa kuliko siku ya uchaguzi, maana mabwana walikuwa wamekuja kucheka. Wengine walileta mito ya kukalia ili wacheke kwa starehe. Mkuu wao, Bwana Everwin Goudvoet, alikuwa mtu mwenye shingo pana kuliko kichwa, na mkononi daima alishika kifuko cha karafuu cha kunusa, kwa sababu, alivyokuwa akisema, hewa ya mji huu imetumiwa na watu wengi mno.

"Sogea hapa, fundi."

Lamsin alikuwa amejitayarisha kuitwa bwana. Akasogea.

"Toa mikono."

Akaitoa. Wakamwongoza dirishani penye mwanga. Bwana Everwin akatazama kidole kimoja, akatazama cha pili, akatazama vyote. Mabwana wakanyoosha shingo.

"Ni safi," akasema Bwana Everwin, kwa huzuni ya mtu aliyefunuliwa sahani akakuta mifupa.

Lamsin akazungusha macho ukumbini. Akaona kiti. Kilikuwa kule pembeni, kina mto mwekundu, kina mgongo uliochongwa kondoo. Akakitabasamia.

Sasa Bwana Everwin, ili aone vizuri zaidi kama kweli hakuna doa hata kwenye kona, akashusha kifuko chake cha karafuu na kuinama karibu. Akasita. Pua ikacheza. Akainuka.

"Nani humu ndani amejikojolea?"

Mabwana wakatazamana. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye umri mkubwa, akajipapasa kwa siri kuhakikisha. Bwana Everwin akaifuata pua yake kama mwindaji nyuma ya mbwa, ikampeleka kulia, ikamrudisha, ikamtua juu ya vidole vya Lamsin.

"Mikono yako inanuka mkojo."

"Mimi, bwana?"

"Wewe, fundi. Na mimi si mtoto. Najua mapipa ya nili hulishwa mkojo ili yachachuke. Umekuja kutudanganya! Mchana unatembea umeinua mikono kama mtakatifu, kumbe umeirudia nili yako!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Lamsin akaona kile kiti kinampungia mkono wa kwaheri. Akapandwa na hasira ya mtu aliyesingiziwa, na hakuna anayesema ukweli ovyo kama huyo.

"Uongo!" akapiga kelele. "Naapa kwa Mtakatifu Bavo na mifupa yake yote, sijagusa pipa la nili! Huu si mkojo wa nili! Huu ni wa wakanyagaji! Muulizeni Boidin!"

Kicheko kikakatika. Bwana Everwin akainua kifuko chake taratibu, akanusa karafuu, akatabasamu kwa utamu mno.

"Hori la wakanyagaji. Ahaa. Na hori hilo lilikuwa na nguo, fundi?"

"Lilikuwa nayo."

"Ukaigusa?"

"Niliisugua tu kidogo."

"Ukaisugua. Hukuikanda?"

"Nikaikanda, ndiyo, na kuigeuza, lakini—"

"Mara moja?"

"Kila adhuhuri, bwana! Ili nije kwenu safi!"

"Ndugu zangu," Bwana Everwin akawageukia wenzake, "mwaka jana alituomba mtia rangi. Leo amekuja mkanyagaji. Nimewaona watu wengi wakiipanda ngazi ya mji huu wakaanguka. Huyu ni wa kwanza kuishuka kwa miguu yake mwenyewe, halafu akatuletea taarifa."

Walicheka mpaka mito ikaanguka. Yule mzee wa mstari wa mbele safari hii alijikojolea kweli.

Boidin akaitwa. Akaja pekupeku, anadondosha maji sakafuni, akasimama pale anakodolea dari iliyopakwa dhahabu.

"Huyu bwana alifanya kazi kwenye hori lako?"

"Kazi nzuri tu, mheshimiwa. Mwanzoni mkono wake ulikuwa mzito, ila anashika upesi. Ningemlipa, sema yeye mwenyewe ndiye alikuwa anasema tafadhali."

"Boidin!" Lamsin akalia. "Ndugu yangu!"

"Si nasema kweli? Mimi najivunia." Boidin akamgeukia Bwana Everwin. "Na kama ninyi hamumtaki, sisi tunamchukua. Kwetu mtu aliyekanda nguo ikakandika ni wetu, hakuna mambo ya kumkagua. Kucha tunazo."

"Mchukueni," akasema Bwana Everwin. "Na mfungue madirisha."

Lamsin alikwenda nyumbani anakimbia. Mikono aliishusha, sasa ilikuwa ya nini? Akaingia uani, akamkuta Avezoete juu ya pipa, akajitupa magotini.

"Mke wangu, nirudishe kwenye nili. Leo hii. Sasa hivi."

Avezoete akaacha kukoroga. Akamtazama kwa muda, na kama kulikuwa na huruma usoni mwake ilikuwa imesimama nyuma kabisa.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Habari zako zimefika hapa kabla yako. Wewe ni mkanyagaji, na chama chetu cha watia rangi hakiruhusu mkanyagaji kugusa pipa. Nikikuruhusu watayamwaga yote saba."

"Sheria ya kipumbavu! Nani aliipitisha?"

"Wewe. Ulipiga meza kwa ngumi mpaka mishumaa ikazimika. Ukasema kama mkanyagaji ni mtu, basi chura ni padri. Nilikuwa nje ya dirisha, nilikusikia. Watu walikupigia makofi."

Lamsin akainuka, akajipangusa magoti.

"Nyumba ni yangu," Avezoete akaendelea, kwa sauti ya kawaida tu kama anayepanga kuni, "wazee wa mji wanajua. Kitanda sikunyimi, ni chako na changu. Chakula utakula. Lakini kutwa nzima usinikalie uani unatazama mapipa kama mbwa wa mchinjaji. Tafuta kazi. Unayo moja unayoijua. Na kabla hujaingia shukani, mtoni kwanza."

Jumatatu kengele ya kazi ilipolia, Lamsin Hoedekin alipandisha suruali magotini, akaingia kwenye hori la Boidin. Maji yalikuwa moto, harufu ilikuwa ile ile ambayo hakuisikia. Yeye na Boidin wakakamata ukingo wa mbao wakaanza kukanyaga, kushoto, kulia, kushoto, kulia, tumbo la Lamsin likitangulia kila hatua. Wafumaji wakapita, wakasimama, wakamwimbia. Akakaza macho mbele kama farasi.

Saa moja ikapita. Mwili ukapata joto. Lamsin akaanza kutazama huku na huku, na macho yake yakatua kwenye hori la jirani, ambako wakanyagaji wengine walikuwa wanakanyaga kitu kinene cha rangi ya matope.

"Wale wanakanyaga nini?"

"Mablanketi," akasema Boidin. "Ya masista wa hospitali."

"Sufu ya wapi?"

"Ya hapa hapa. Ya kondoo wa mabwawani."

"Na hii yetu?"

"Hii yetu ya Kiingereza."

Lamsin akakanyaga hatua chache. Kisha mgongo wake ukanyooka polepole, kidevu kikapanda, na akakunja pua yake isiyosikia kitu.

"Kondoo wa mabwawani," akasema. "Waambie wale watu wasogeze hori lao kule. Wanaturushia matone."

Boidin akamtazama. Akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akahamia ukingo wa mbali wa hori, akaendelea na kazi huko.